Damu ya Namba Kumi na Nane

Ijumaa asubuhi, Inspekta Wangare alimtoa Bravin seli akamketisha kwenye kiti cha mbao ndani ya ofisi ya upelelezi, Nakuru mjini. Bravin alikuwa na miaka ishirini na saba, kazi yake kupiga wagonjwa skani, na viatu vyake havikuwa na kamba kwa sababu polisi wa zamu walizichukua jana alipofungiwa. Sheria ilimpa Wangare hadi saa nane mchana. Saa hiyo ikifika, Bravin awe mbele ya hakimu, au awe ameachiliwa aende kwao.

Jalada lenyewe lilikuwa jembamba. Jumatatu, Mzee Hezekiah Kibii, mstaafu wa machimbo ya udongo mweupe kule Kariandusi, alifika kwenye kituo cha skani cha Mwangaza wa Bonde kupigwa picha ya tumbo. Bravin alimdunga ile dawa ya rangi inayofanya mishipa na viungo vionekane vizuri kwenye picha. Kufikia Jumatano mzee alikuwa amevimba uso na miguu, na tangu alfajiri hakuwa amepata hata tone la mkojo. Figo zilikuwa zimegoma. Alhamisi binti yake, Jemutai, alikwenda polisi kulalamika. Saa mbili baadaye meneja wa kituo, bwana mmoja nadhifu aitwaye Jamleck, alileta mwenyewe faili la mzee, bila kuombwa. Ndani ya faili hakukuwa na karatasi ya kipimo cha damu. Maana yake ilikuwa wazi: Bravin alimdunga mzee bila kujua figo zake zikoje.

"Karatasi ilikuwepo, madam," Bravin alisema.

"Hilo umeniambia tangu jana."

"Kwa sababu ndio ukweli. Mimi sidungi mtu bila karatasi. Nikiona figo ziko sawa, nadunga. Nikiona ziko chini, napigia daktari simu tunaongea. Kuna wale tunaongezea maji kwa mshipa kwanza. Kuna wale tunaambia wasimamishe dawa fulani ya sukari. Wengine tunapiga picha bila rangi kabisa."

"Na Mzee Hezekiah?"

"Krietinini yake ilikuwa sitini na nne."

Neno hilo Wangare alikuwa amejifunza jana hospitalini. Krietinini ni taka ya mwili ambayo figo huichuja kutoka kwenye damu. Ikipanda, ujue figo zinashindwa. Sitini na nne ni ya mtu mwenye afya yake. Mzee alipopimwa Jumatano ilikuwa mia saba na kitu.

"Umewezaje kuikumbuka namba ya mtu mmoja?"

"Sikuikumbuka, niliiandika. Kwa ile fomu yangu ya orodha ya siku. Namba ya sampuli na krietinini, kabla nishike sindano. Si mlibeba kila kitu kwa meza yangu?"

Walikuwa wamebeba. Wangare alivuta kasha la vielelezo akaitoa fomu. Jana Jamleck alikuwa ameigusa kwa ncha ya kidole na kusema kijana aliijaza baadaye, alipoona mambo yameharibika. Mstari wa tatu ulisema: Hezekiah Kibii, tumbo, sampuli 17, krietinini 64, rangi ndiyo.

Aliisogeza karibu na dirisha. Mistari mitatu ya kwanza ilikuwa ya wino wa bluu. Mstari wa nne ulianza kwa bluu iliyofifia, herufi tatu tu, kisha ukaendelea kwa wino mweusi hadi mwisho wa ukurasa.

"Kalamu yako ilifanya nini hapa?"

Bravin alinyoosha shingo. "Iliisha. Nilikuwa naandika jina la mgonjwa wa nne. Nikaitupa, nikaomba ingine mapokezi."

"Uliitupa wapi?"

"Kwa pipa la taka. Hiyo huchomwa kila jioni."

Wangare aliweka fomu mezani. Ile sitini na nne ilikuwa ya bluu, nzito, yenye wino wa kutosha. Haikuwezekana kwamba mtu aliiandika Jumatano kwa kalamu iliyochomwa Jumatatu. Basi Bravin aliiona namba hiyo kabla mgonjwa wa nne hajaingia, na kama aliiona, karatasi ilikuwepo. Na kama ilikuwepo, kuna mtu aliyeiondoa.

Aliipiga fomu picha kwa simu yake. "Rudi ukae," alimwambia. "Kula chochote watakachokuletea."

* * *

Koplo Kimaiyo ndiye aliyeendesha gari. Kituo cha Mwangaza wa Bonde kilikuwa jengo la ghorofa moja lililopakwa rangi upya, na harufu ya rangi hiyo ilifika hadi getini. Jamleck aliwapokea mlangoni.

"Inspekta, karibu. Tuwaletee chai?"

"Nipeleke maabara. Nataka daftari la Jumatatu."

"Ah, hilo lilimwagikiwa dawa. Ilibidi tulitupe."

"Lini?"

"Juzi."

"Basi mashine ya kupima damu. Ina kumbukumbu?"

"Hujifuta kila baada ya siku mbili," alijibu Jamleck, na kauli yake haikutikisika hata kidogo.

Kando ya mashine alisimama mwanamke mfupi aliyevaa koti jeupe. Beji yake ilisema Eucabeth, fundi wa maabara. Alikuwa akiipanga upya rafu iliyokuwa imepangwa tayari. Wangare alimsogelea.

"Haijifuti," Eucabeth alisema, uso bado kwenye rafu.

"Eucabeth," aliita Jamleck.

"Haijifuti, madam. Inaweka ya miezi mitatu."

"Nitolee ya Jumatatu asubuhi."

Mashine ilitoa karatasi nyembamba kama risiti ya dukani. Haikuwa na majina, ni namba za sampuli, saa na vipimo tu. Wangare aliishika kwa mikono miwili. Kumi na saba, saa tatu na dakika ishirini asubuhi: krietinini sitini na nne, sukari tano. Kumi na nane, dakika sita baadaye: krietinini mia tatu na kumi na mbili, sukari kumi na tano.

Mamake Wangare, kule Njoro, alikuwa ameugua kisukari miaka kumi na miwili, na kila Jumapili Wangare ndiye aliyemdunga kidole na kusoma kile kipimo kidogo. Alijua kumi na tano ni sukari ya mtu wa namna gani. Alijua pia Jemutai aliandikisha nini polisi: baba yangu ana kisukari, na siku hiyo hakumeza dawa asubuhi kwa sababu ya safari, alikunywa chai tu, na sukari aliweka mwenyewe.

"Mzee Hezekiah aliandikiwa kumi na saba," alisema polepole. "Lakini hii kumi na saba ina sukari ya mtu ambaye hajawahi kuugua. Damu ya mzee ni hii hapa. Kumi na nane."

Eucabeth alivua glavu zake, moja baada ya nyingine, akaziweka mezani.

"Stima ilipotea," alisema. "Nilikuwa nimetoa damu ya watu wawili, chupa ziko mkononi, printa ya stika ikazima. Iliporudi, ikatoa stika mbili kwa mpigo. Nikabandika. Jioni nikipitia vipimo nikaona mzee wa kisukari ana sukari ya tano. Nikaenda kwa bosi hiyo saa kumi na moja, nikamwambia nafikiri nimechanganya."

"Na yeye?"

"Akachukua daftari. Akasema niende nyumbani, yeye atashughulikia."

"Huyu hajalala vizuri wiki yote," Jamleck alisema. "Hajui anachosema."

Kuna jambo jingine lililokuwa limemshika Wangare. Ikiwa mzee alipewa figo za mtu mwingine kwenye karatasi, basi yule mtu mwingine alipewa figo za mzee. Alifungua simu, akaikuza picha ya fomu. Mstari wa nne, ule ulioanza kwa bluu na kumalizikia kwa nyeusi: Chepkirui Langat, Rongai, kifua, sampuli 18, krietinini 312, rangi hapana.

"Eucabeth, huyu Chepkirui aliletwa kwa nini?"

Eucabeth alifungua kabati, akatoa barua ya daktari na kuisoma. "Alivunjika mguu, akafanyiwa upasuaji, ako na plasta wiki tatu. Sasa anahema na kifua kinauma. Daktari wa Rongai anaomba skani ya kifua na rangi. Tulimrudisha. Tulimwambia figo zake haziwezi kubeba rangi, aone daktari wa figo baada ya wiki mbili."

Wangare alimpigia simu Daktari Okeyo, bingwa wa figo aliyekuwa akimtibu Mzee Hezekiah. Alimsomea barua ile neno kwa neno.

"Inspekta," Okeyo alisema, "walikuwa wanatafuta damu iliyoganda kwenye mapafu. Inaanzia mguuni, inapanda. Bila rangi huwezi kuiona. Huyo mama yuko wapi saa hii?"

"Sijui bado."

"Mtafute. Leo, si kesho."

Simu ya Chepkirui ilikuwa imezimwa. Wangare alimgeukia Jamleck.

"Ulijua tangu Jumatatu."

"Inspekta, nielewe. Yule mama hakudungwa kitu. Hakuna ubaya alifanyiwa."

"Kwa nini hukumpigia simu?"

"Wiki ijayo wakaguzi wanakuja kwa ajili ya leseni. Kosa kama hili lingetufunga." Alilegeza tai yake. "Nilifikiri mzee atapona, na yule mama atapimwa tena huko mbele, na mambo yaishe."

"Na Bravin?"

"Yeye ndiye aliyeshika sindano," Jamleck alisema.

"Karatasi ya kumi na saba iko wapi?"

Ilikuwa kwenye droo yake ya chini, imekunjwa mara nne ndani ya bahasha, pamoja na ukurasa uliong'olewa kwenye daftari. Kimaiyo alimfunga pingu pale pale, mbele ya wagonjwa watatu waliokuwa wakisubiri kwenye benchi. Akabaki naye hadi gari jingine lifike, na Wangare akachukua ufunguo wa gari.

* * *

Barabara ya Eldoret ilikuwa imejaa malori. Wangare aliwasha king'ora tangu Kiamunyi na hakukizima hadi alipokata kona kuingia Rongai. Chepkirui alijulikana Rongai kwa bohari lake la nafaka. Mtu wa kwanza aliyeulizwa alinyoosha mkono.

Alimkuta ameketi juu ya gunia, mguu wenye plasta umeegemezwa kwenye gunia jingine. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mnene, midomo yake imepauka. Mbele yake alisimama mumewe, Kipyegon, mwalimu wa shule ya msingi, ameshika punje ya mahindi kati ya meno.

"Uma tena," Chepkirui alimwambia, akivuta pumzi katikati ya maneno. "Ikilia 'ka!', hiyo imekauka. Ikinyamaza... mrudishie mwenyewe aanike."

"Chepkirui Langat?" Wangare alimwonyesha kitambulisho. "Mimi ni Inspekta Wangare. Unafanya nini hapa na hali hii?"

"Namfundisha kazi. Nimeambiwa figo zangu zimeisha." Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya siku. "Yeye hajui mahindi. Anajua chaki tu."

"Figo zako hazijaisha. Ile karatasi haikuwa yako. Damu zilibadilishana stika."

Kipyegon alitema punje. "Ati nini?"

"Mtajua yote njiani. Sasa hivi daktari anaogopa mapafu yako, si figo. Simama, nikushike upande huu."

Chepkirui alijaribu kusimama, akapiga hatua mbili, akashika ukuta. Walimbeba hadi garini. Njiani Kipyegon alimkumbatia kwenye kiti cha nyuma na kumhesabia pumzi kwa sauti, kama anavyohesabu na watoto wa darasa la kwanza.

Daktari Okeyo alipiga simu walipofika Ngata. Mashine ya skani ya hospitali ilikuwa kwenye matengenezo, ndiyo maana wagonjwa walikuwa wakipelekwa nje. "Mashine iliyo karibu ni ile ile ya Mwangaza wa Bonde," alisema. "Nakuja na ambulensi na hewa ya oksijeni. Lakini ninahitaji mtu anayeijua mashine hiyo."

Wangare alipiga simu kituoni. "Mtoeni Bravin. Mpeni kamba zake za viatu na mumlete kituo cha skani. Si kama mshukiwa. Kama mtu wa kazi."

* * *

Saa saba na dakika kumi walikuwa wote kwenye chumba cha maandalizi. Chepkirui alikuwa amelazwa, oksijeni puani, na kipimo cha oksijeni kidoleni kilisoma themanini na nne kwa mia badala ya tisini na kitu. Okeyo, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, alikuwa amekuja na Jemutai. Binti wa mzee alisikia daktari akitaja kituo kile, akaingia kwenye ambulensi bila kuuliza ruhusa. Alisimama kwenye kona, mikono kifuani, akimkodolea Bravin macho.

Bravin aliinama juu ya kitanda. "Mama, niambie majina yako yote na mwaka wa kuzaliwa."

Chepkirui alimwambia. Eucabeth alitoa damu, akaandika jina kwenye chupa mbele ya mgonjwa, akamwonyesha alisome mwenyewe. Kisha alikimbia nayo maabara.

"Dakika ishirini," Bravin alisema.

Okeyo aliangalia kipimo cha kidole. Themanini na mbili. "Hatuna ishirini. Piga sasa."

"Bila karatasi?" Bravin alirudi nyuma hatua moja. "Daktari, mimi nimetoka seli saa hii kwa sababu ya karatasi. Na yule mzee bado amelala huko kwenu."

"Najua."

"Mpe ile dawa ya damu iliyoganda bila picha."

"Mguu wake umepasuliwa wiki tatu zilizopita. Nikimpa dawa hiyo na kumbe si damu iliyoganda, naweza kumfanya avuje damu bure. Nataka kuona kwanza."

"Msinidunge hiyo kitu," Chepkirui alisema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini wote walimgeukia. "Nimesikia kuna mzee ilimwua figo. Niacheni tu."

Okeyo alivuta kiti, akaketi usawa wa uso wake. Wangare aliona hakuwa na haraka, ingawa dakika zilikuwa zikiwaishia.

"Chepkirui, nakuambia kama vile ningemwambia dada yangu. Kuna hatari mbili. Ya kwanza ni rangi. Mtu mwenye figo nzima, ni nadra sana rangi kumdhuru. Mwenye figo dhaifu, hatari inapanda, lakini mara nyingi figo hulala siku kadhaa na kuamka. Zikichelewa, nina mashine ya kumsafisha damu. Hatari ya pili iko kifuani mwako. Kama ni ile ninayoifikiria, na ikisogea, mimi sina mashine ya kukurudisha."

"Na kama ile karatasi ilikuwa yangu kweli?"

"Hata kama ingekuwa yako. Ningekudunga, nikuwekee maji, na nikuangalie kila saa. Nimepima yote mawili. Lakini mwili ni wako, na ukikataa sitakushika mikono."

Chepkirui alimtazama mumewe. Kipyegon alimshika mkono.

Ni Jemutai aliyetoka kwenye kona. Alifika kando ya kitanda, akashika chuma cha pembeni.

"Yule mzee ni babangu," alisema. "Na mimi ndio nilipeleka huyu kijana polisi. Babangu hakuna mtu alimwuliza kitu. Walimwambia tu lala hapa. Hawakumwambia kuna hatari mbili, achague. Wewe umeambiwa." Aliinama karibu naye. "Kama ni mimi nimelala hapo, ningekubali."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Chepkirui alifumba macho. "Basi dungeni."

Bravin alinawa mikono. Akaweka sindano mara ya kwanza bila kukosea. Walitoka, mlango mzito ukafungwa, na nyuma ya kioo walitazama kitanda kikiingia polepole kwenye lile duara kubwa jeupe.

"Utasikia joto mwilini," Bravin alisema kwenye kipaza sauti. "Ni kawaida. Usitingishike."

Picha zilianza kujipanga kwenye kompyuta. Mishipa ya mapafu iliwaka nyeupe, matawi juu ya matawi. Kisha upande wa kulia, tawi moja nene lilikatika ghafla, kama mfereji wa shamba uliozibwa na tope.

"Hapo," Okeyo alisema, na tayari alikuwa akifungua mkoba wake wa dawa. "Hapo ndipo ilipo."

Eucabeth aliingia akikimbia, karatasi mkononi, akasoma jina kwanza na namba baadaye. "Chepkirui Langat. Sitini na sita."

Bravin aliketi sakafuni, mgongo ukiegemea ukuta, akafunika uso kwa mikono yake miwili. Jemutai alimsogelea. Kisha alichuchumaa mbele yake.

"Nisamehe," alimwambia. "Nilikuwa naona babangu tu."

"Hata mimi ningefanya hivyo," Bravin alijibu kutoka nyuma ya mikono.

Saa nane kasoro dakika tano, Wangare aliipigia simu mahakama kusema hakuna mshukiwa wa jina la Bravin atakayeletwa. Kuna mwingine, na huyo ataletwa Jumatatu: kwa kuharibu ushahidi, na kwa kuhatarisha maisha ya wagonjwa wawili huku akijua. Eucabeth alikuwa ameshaketi kando ya Wangare, akiomba karatasi ya kuandikia taarifa, na hakutaka kupunguza hata neno moja la kosa lake.

* * *

Jumamosi saa nne asubuhi, Wangare alipanda ngazi za hospitali kuchukua maelezo ya Mzee Hezekiah. Alimkuta Daktari Okeyo mlangoni mwa wadi, ameinua mfuko wa mkojo juu kuelekea mwanga kama mtu anayekagua asali.

"Mililita mia tatu na hamsini," alisema. "Tangu saa kumi na moja alfajiri. Figo zimeanza kuamka, Inspekta."

"Atapona kabisa?"

"Hazikuwa nzima hata kabla ya Jumatatu, hilo lazima niseme. Labda tutamsafisha damu mara moja au mbili zaidi, kisha tutaona kama atarudi alipokuwa. Nina matumaini. Na kitu kingine: ile picha ya tumbo, pamoja na shida yote, imetuonyesha uvimbe wa tumboni uliomleta kupigwa picha si saratani. Ni jipu. Tunalitibu kwa dawa."

Ndani, mzee alikuwa ameketi, mto mgongoni. Alikuwa mwembamba, nywele nyeupe kabisa, na uvimbe wa uso ulikuwa umeshuka hadi macho yakaonekana. Jemutai alikuwa amemweleza kila kitu: stika, stima, droo, Rongai. Wangare alimsomea maelezo, na mzee akatia sahihi kwa mkono uliokuwa na bomba la mshipa.

"Huyo Bravin wangu ameenda nyumbani?" aliuliza.

"Ameenda, mzee. Amesema atakuja kukuona."

"Aje. Na huyu wa Rongai?"

"Yuko wadi ya juu. Anapata dawa. Asubuhi ameongea sentensi nzima bila kukata, ingawa ilikuwa ya kumgombeza mumewe kwa kununua mahindi mabichi."

Mzee alicheka, cheko fupi lililomwuma ubavu. Kando ya kitanda kulikuwa na kibuyu cha maziwa lala ya mursik ambacho Jemutai alikuwa ametoka nacho nyumbani alfajiri. Muuguzi alikuwa amekiona na kukipiga marufuku, kwa sababu maziwa si ya figo zinazojifunza upya kazi yake.

"Jemutai," mzee alisema, akikionyesha kwa kidevu. "Mimi nimekatazwa. Lakini yeye figo zake ni nzuri, si mmenisomea? Sitini na sita. Mpelekee, anywe."

"Baba, hata hatujuani naye."

"Kwani hatujuani namna gani?" Mzee Hezekiah alijilaza taratibu kwenye mto. "Damu yangu imeitwa jina lake, na yake imeitwa jina langu. Huyo ni mtu wa kwetu. Panda nacho juu sasa hivi, kabla mursik haijapata joto."

Jemutai alikichukua kibuyu kwa mikono miwili. Wangare alifunga jalada, akamshikia mlango, na wakaelekea ngazini pamoja.